Mkato wa Saba wa Jive na Karatasi ya Kamati

Wakuu wa daftari, salamu kutoka Matulo.

Daftari limenifikia Jumanne kutoka kwa Simiyu, likiwa na duara la chai kwenye jalada na kurasa mbili nzima kuhusu ng'ombe wa shemeji yake. Nimesoma zote. Simiyu, pole, lakini ile kamba uliilegeza mwenyewe.

Siku ya kutoka chuoni tulikubaliana sisi kumi na wawili kwamba daftari hili litazunguka, na kila mwalimu ataandika jambo moja lililompata kweli. Zamu yangu ndiyo hii. Nitakayoandika niliyatenda kwa miguu yangu mwenyewe. Mwenye shaka amuulize Rispa kule Kitale, au awaulize watoto arobaini wa Standadi Tatu, ambao hawajui kunyamaza.

Mnanijua. Mimi ni yule mliyekuwa mkimwita "Labda". Nafikiria jambo mpaka linachacha.

Sasa hii ni habari ya jive. Pia ni habari ya kazi yangu, ambayo ilibaki kidogo iende.

Wale wa bweni la chini mtakumbuka. Jumamosi alasiri, mwalimu wa zamu akienda kujilaza, tulikuwa tunacheza jive nyuma ya jiko la chuo, gramafoni ya kuazima juu ya gunia la maharagwe, sindano ikikwaruza. Mimi na Rispa tulikuwa na mikato saba. Saba, wakuu. Wengine wenu mlikuwa na mitatu na mkajiita mabingwa.

Tuliipa majina yetu: Msingi, Mwavuli, Kinu, Kuchota Maji, Teke la Ndama, Kona ya Suam, na wa mwisho, Kisogo.

Kisogo tuliubuni wenyewe. Mnaachiana mikono, kila mmoja anageuka na kumpa mwenzake mgongo, halafu bila kuangalia mnashikana tena kwa nyuma, na muziki haujawapita hata pigo moja. Ukiukosa mkono wa mwenzako, unabaki umesimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Yote saba nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi kwa mtindo wa andalio la somo. Shabaha, vifaa, hatua ya kwanza, hatua ya pili.

Chekeni tu.

Basi nikapata kazi hapa, shule ya kanisa. Kanisa lenyewe sitalitaja. Halitaki pombe, halitaki tumbaku, na dansi halitaki hata kuisikia. Mwalimu mpya anapimwa miaka miwili. Kamati ya shule ikiridhika naye, anathibitishwa. Isiporidhika, anarudi kwao kupanda mahindi, cheti kikiwa kimetundikwa ukutani.

Wiki ya kwanza niliichoma ile karatasi jikoni.

Hakuna aliyeniambia niichome. Niliwaza tu: je, ikianguka mfukoni? Je, hedimasta akiazima kitabu na kuikuta ndani? Je, mtu akiisoma "Teke la Ndama" na kudhani ni jina la mwanamke? Nikawasha kiberiti.

Na tangu siku hiyo sikucheza. Hata peke yangu. Hata nikisikia gramafoni ya dukani nilikuwa nashika ukuta kidogo, miguu isije ikaanza.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Mwezi uliopita nikapata barua ya Rispa. Yeye anafundisha Kitale, kama mnavyojua. Nanakili alivyoandika:

"Wekesa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mashindano ya jive katika ukumbi wa Waafrika hapa. Yanaanza saa nane mchana kwa sababu ukumbi unafungwa saa kumi na mbili. Makarani wa Kitale wanasema walimu wa Bungoma wanacheza kama wanafuta ubao. Nimewaambia nina mtu na tuna mikato saba. Kama umesahau, sema mapema, nicheze na karani wa reli, ingawa anatoa jasho mikononi."

Nikajibu siku hiyo hiyo: "Nakuja. Sijasahau kitu."

Kisha nikafunga mlango, nikasogeza meza, nikajaribu.

Ikaja mikato mitatu. Msingi, Mwavuli, Kinu. Baada ya hapo miguu ikasimama. Majina yote saba ninayo kichwani, naweza kuyaandika kwa hati nzuri, lakini mwili haujui jina. Nilisimama pale nikijiuliza kama mtu anaweza kusahau kuogelea, kisha nikakumbuka kwamba kuogelea sijawahi kujua.

Jumamosi iliyofuata nikapanda baisikeli mpaka Bungoma, kwa Fundi Bakari.

Kwa wasiomjua: ni yule mshonaji mwenye kibanda karibu na msikiti, aliyetushonea suruali za chuo. Alikuwa askari kule Burma wakati wa vita, akarudi na goti baya na jive. Gramafoni tuliyokuwa tunaazima ilikuwa yake.

"Karibu, mwalimu. Imepasuka wapi?"

"Haijapasuka, mzee. Nimesahau jive."

Akasimamisha cherehani. Akanitazama kama daktari.

"Tangu lini?"

"Kama miaka miwili."

"Na ulingoja nini hiyo miaka yote? Si ungekuja mapema, bana, kabla haijaingia kwenye mifupa."

Kwa sababu ya goti hawezi kucheza tena. Kwa hiyo alinifundisha kwa vidole viwili juu ya meza ya kukatia nguo. Wakuu, niliona vidole vya mzee vikicheza jive vizuri juu ya kitambaa cha kaki kuliko watu wengi wenye miguu mizima. Vidole vilichota maji, vikapiga teke la ndama, vikakata kona ya Suam mpaka mkasi ukaanguka. Mimi nikafuata kwa miguu kwenye sakafu, katikati ya vipande vya nguo. Mikato sita ikawa imepatikana.

Kisogo hakuujua. "Huo ni wenu. Hebu ufanye nione."

Nikaufanya nikitumia nguzo ya kibanda badala ya Rispa. Mkono ukakamata hewa. Nikarudia. Hewa.

"Unageuka nusu," akasema.

"Nageuka mzima, mzee."

"Nusu. Kifua kimegeuka, shingo imebaki huku. Unamwangalia nani?"

"Hakuna mtu."

"Yuko. Ila hayupo hapa." Akarudi kwenye cherehani yake.

Maneno hayo yalinisumbua mpaka nyumbani, kilima kwa kilima.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa. Naliita kosa kwa sababu ndivyo lilivyo, na nitalieleza lilivyokuja, maana halikuja kwa ujinga. Lilikuja kwa kufikiria sana.

Kufika Jumatatu ile mikato sita ilikuwa imeanza kuchanganyikana tena. Jive haifanywi na mtu mmoja. Unahitaji mwenzako mbele yako, na unahitaji kurudia kila siku. Ni nani Matulo angekubali kusimama nami?

Nikafungua kitabu cha muhtasari wa masomo, sehemu ya P.T. Kinasema mwalimu afundishe mazoezi ya miguu, ya mikono na ya kuimarisha usawa wa mwili, wanafunzi wakiwa wawili wawili. Nilisoma mara tatu. Hakikusema mazoezi gani. Nikasoma mara ya nne nikitafuta mahali panapokataza. Hapakuwepo.

Kila mwalimu anajua: ukitaka kukumbuka jambo, lifundishe.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Standadi Tatu walipangwa uwanjani wawili wawili, na mimi mbele na filimbi.

"Nyuma! Mbele! Sho-sho-shoto! Ku-ku-kulia!"

Wakuu, wale watoto! Walichukua Msingi kabla sijamaliza kueleza. Alhamisi walikuwa na Mwavuli na Kinu. Wiki iliyofuata walikuwa wanapiga Teke la Ndama vizuri kuliko ndama. Na kila walipocheza, mimi nikiwaangalia kutoka mbele, miguu yangu ilikuwa inakumbuka. Sita kamili, bila kusita.

Kisogo sikuwafundisha. Mtoto hampi mwalimu mgongo. Huo nilibaki nao nyumbani na nguzo ya kibaraza changu, na nguzo haikunishika hata mara moja.

Nilichosahau kufikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, ni kwamba mtoto haachi somo uwanjani.

Walikwenda nalo mtoni. Walikwenda nalo malishoni. Na Jumapili walikwenda nalo kanisani.

Watoto wanakaa mbele. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa pole, nikawa salama. Wa pili ulikuwa na mwendo. Nikaona safu ya mbele imerudi nyuma, imeenda mbele. Nikajiambia labda wamechoka kusimama. Kisha ikaenda sho-sho-shoto. Safu ya pili ikaitikia. Ubeti wa tatu ulipofika, arobaini wote walikuwa ndani, wakiimba kwa moyo kabisa, nyuso zao zimejaa Roho, na mmoja akapiga Teke la Ndama likaangusha ubao wa namba za nyimbo.

Mwimbishaji akanyamaza. Watoto wakamalizia ubeti bila yeye.

Mzee Nathani, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama na fimbo yake.

"Nani amewafundisha hii kitu?"

Na wao, kwa fahari, kwa sauti moja kama niliyowafundisha:

"Mwalimu Wekesaaa!"

Jioni hedimasta alikuja kwangu. Hakukaa. "Wekesa, kamati inakuita Jumamosi saa tatu. Mimi nina watoto sita. Ukiulizwa, usinitaje."

Jumamosi. Ile ile ya Kitale.

Wiki hiyo sikula vizuri. Niliandika hotuba za kuomba msamaha. Ya kwanza ilikuwa fupi mno. Ya pili ilionekana kama nina hatia. Ya tatu ilionekana kama sina. Nilifika ya saba, nikagundua nimeandika hotuba nyingi sawa na mikato.

Jumamosi nikaingia darasa la Standadi Tatu, ndimo kamati ilimokaa. Wazee wanne mezani, na Mama Dorika, kiongozi wa akina mama wa kanisa, pembeni na kikapu chake. Hedimasta alikuwa karibu na mlango, akichunguza kucha zake. Nje ya madirisha, vichwa vya Standadi Tatu.

Hotuba hazikuhitajika. Walikuwa na karatasi tayari. Mzee Nathani akanisomea:

"Mimi, halafu jina lako, mwalimu wa majaribio, naahidi kwamba sitacheza dansi ya aina yoyote, mahali popote, maisha yangu yote. Weka sahihi hapa, na mwezi ujao tunakuthibitisha kazini. Ukikataa, unajua njia ya kwenu."

Nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo: "Mahali popote, mzee? Hata nyumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa?"

"Hata."

"Hata nikiwa na mvi?"

"Wee mwalimu, hili si somo. Kalamu hiyo. Wawili kabla yako walitia sahihi na hawakufa."

Nikashika kalamu. Nikaichovya. Tone la wino likadondoka pembeni ya karatasi, nikalitazama likienea.

Nikakumbuka ile karatasi nyingine, niliyoichoma jikoni. Hawa wazee hawakuniomba niichome. Hawakujua hata kama ipo. Niliwapa kabla hawajaomba, na miaka miwili nikashika ukuta kila nikisikia muziki, na sasa wanaomba iliyobaki. Nikitia sahihi hii, ya kesho itakuwa ya nini?

Ndilo wazo pekee maishani mwangu lililofika mwisho haraka.

Nikaweka kalamu chini.

"Mzee, sitatia."

"Ati?"

"Sitatia sahihi. Nilikosa kuwafundisha watoto bila kuwaambia wazazi wao, hilo nakiri mbele yenu. P.T. nitafundisha ile ya kitabu. Lakini miguu yangu sikuajiriwa nayo."

"Uliajiriwa mzima!" akasema mzee mmoja.

"Basi mniachie miguu ya jioni."

Mama Dorika akakohoa ndani ya kitambaa chake. Mzee Nathani akapiga meza.

"Kijana ana kichwa! Haya. Si atuonyeshe hiyo kitu yenyewe, tuione kama ni ya kupoteza kazi nayo. Cheza."

Alitaka nione haya. Na kweli niliona. Mnajua kucheza jive peke yako, bila muziki, mkono umenyooshwa kwa mtu ambaye hayupo, mbele ya wazee wa kanisa, saa tatu na nusu asubuhi? Nilianza Msingi nikiwa nasikia viatu vyangu tu.

Kisha dirishani, kwa sauti ya chini: "Nyuma... mbele... sho-sho-shoto..."

Arobaini, wakuu. Walinihesabia.

Nikaenda Mwavuli. Nikaenda Kinu, nikachota maji, nikapiga teke.

"Mabega hayafanyi kazi," Mama Dorika akasema. "Kamabeka, ngoma yetu, ni mabega. Hii ni miguu tu."

"Mama Dorika!"

"Nasema tu, Mzee Nathani. Hata wewe siku ya kumtoa mtoto wako jandoni, mabega yako tuliyaona."

Kona ya Suam. Na baada ya kona, hakuna pengine pa kwenda. Ni Kisogo.

Mnajua tulivyolelewa. Mzee hapewi mgongo. Nyumbani kwa babu tulikuwa tunatoka kinyumenyume, tunagonga mlango kwa kisigino. Nikaelewa pale pale Bakari aliona nini. Kila nilipogeuka nyumbani, shingo ilikuwa inabaki kuwaangalia hawa, hata wakiwa hawapo.

Nikageuka. Kifua, shingo, macho, vyote. Nikawapa kamati nzima mgongo, nikawa naangalia ramani ya Afrika ukutani.

Na mkono ukaenda wenyewe nyuma. Chini, karibu na kiuno, kiganja kimefunguka juu. Wiki hizi zote nilikuwa nikiutafuta mkono wa Rispa begani, kumbe mahali pake ni pale chini.

"Ametupa mgongo!" sauti ya Mzee Nathani. Watoto wakaacha kuhesabu.

Nikakaa hivyo pigo moja zaidi ya inavyotakiwa. Hilo nalikiri pia. Kisha nikawageukia.

"Huo ndio wa saba, mzee. Nilikuwa nimeusahau."

Wakanitoa nje. Nikasimama ukutani, watoto wakinizunguka. Nilijiona tayari kwetu, jembe begani, mama akiniuliza nilifanya nini.

Saa nne na nusu wakaniita.

Kumbe muhula umebaki wiki chache na hakuna mwalimu mwingine mwenye cheti wa kuwekwa. Uamuzi: kazi nibaki nayo, lakini majaribio yanaongezwa mwaka mmoja. Na muhula ujao nahamishwa kwenda shule ya Kamukuywa, "mbali na watoto hawa, ukajifunze adabu huko."

Hedimasta akaacha kucha zake. Akaniangalia, akaangalia dari.

Wakuu, Kamukuywa iko kwenye barabara ya Kitale. Wazee hawa sokoni kwao ni Bungoma, huko juu hawaendi. Kwa adhabu yao wamenisogeza karibu nusu ya njia hadi ukumbini.

"Nimepokea adhabu," nikasema, nikiangalia chini kwa huzuni kadiri nilivyoweza. Kisha nikaomba kuibeba ile karatasi, nikaifikirie zaidi. Mzee Nathani akanipa, anajua mimi ni mtu wa kufikiria.

Mlangoni Mama Dorika akanivuta kwa mkono wa shati. "Mimi nina dada Kamukuywa. Najua ilipo. Nathani hajui." Akaenda zake na kikapu chake.

Nilikimbia mpaka barabarani. Nikapata lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia hadi Kitale, nikafika saa tisa nikiwa na rangi moja na barabara. Ukumbini wawili wawili walikuwa wamejipanga. Rispa alikuwa amesimama na karani wa reli, wameshikana mkono.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa kwenye kamati."

"Una mingapi?"

"Saba."

"Muongo."

"Saba, Rispa."

Akamwachia karani, akafuta mkono wake kwenye gauni.

Sitawachosha na yote. Makarani walianza kucheka tulipoanza Msingi, wakaacha tulipofika Kuchota Maji. Kwenye Kona ya Suam Rispa aliniangalia kwa jicho la kuuliza, nami nikamwachia mikono. Nikageuka mzima. Sikumtafuta. Nikaweka kiganja chini, na mkono wake ukaingia humo kama kitu kilichorudishwa mahali pake.

Tulikuwa wa pili. Waliopewa ushindi walikuwa na mikato mitano. Niliihesabu.

Sasa mafunzo, kama desturi ya daftari hili.

Wewe uliyesahau mikato yako, usiitafute kichwani. Tafuta mwenzako, hesabu kwa mdomo, rudia mbele ya mtu anayeweza kukucheka. Watoto wa shule usiwatumie; hapo nilikosa, na wazazi watatu nimewafuata nyumbani kuomba radhi. Na usichome karatasi yako kwa ajili ya mtu ambaye bado hajakuuliza kitu.

Mengine sijutii. Nimejaribu kujuta, mnajua mimi nina kipaji hicho. Majuto hayajaja.

Muhula ujao nipo Kamukuywa. Mwaka mmoja wa majaribio, Jumamosi zote nne za mwezi.

Najua wapo kati yenu wataandika pembeni kwamba nilikuwa na utovu wa adabu, kwamba kazi ni kazi, kwamba ningetia tu sahihi halafu nicheze kimya kimya. Andikeni, nitasoma yote. Ila nimewarahisishia. Ile karatasi ya kamati nimeibandika ukurasa unaofuata, na doa lake la wino. Mahali pa jina pako wazi.

Anayeona ilifaa kutiwa sahihi, aweke yake.